Sugu Isiyouma

Saa moja na dakika ishirini asubuhi, bitana ya kiatu cha kushoto ilikuwa na doa bichi, upana wake kama kifungo cha shati.

Fundi viatu aliligusa kwa ncha ya kidole, akanusa, akajifuta kwenye aproni. Halikuwa doa la maji, maana maji yakikauka kwenye ngozi huacha mstari mweupe. Halikuwa rangi ya viatu, maana rangi ingesambaa bitana nzima. Hili lilikuwa na rangi ya chai iliyopoa, lilinuka kidogo, na lilikaa pale pale ambapo kidole cha mwisho cha mguu hukutana na ukuta wa kiatu.

Kiatu kilikuwa cha dada yake. Jirani wa dada, ambaye hupita mtaa huo kila asubuhi akienda kazini, alikuwa amekiacha mlangoni ndani ya mfuko pamoja na ujumbe mfupi: pembeni pameachia, pashonwe, kitachukuliwa kabla ya jioni. Cha kulia hakikuletwa. Fundi ndiye aliyekuwa amekishona kiatu hicho kwa mikono yake, na alikijua tundu kwa tundu. Uzi haukuwa umeoza. Ulikuwa umesukumwa kutoka ndani mpaka ukakatika.

Akampigia simu. Dada mtu alikuwa ameshafika dukani, na nyuma ya sauti yake yalisikika majora ya vitambaa yakibwagwa mezani. Alikuwa ameuza vitambaa katika duka lile kwa miaka ishirini na sita, na wateja walimwita Mita, kwa kuwa hakuna aliyewahi kupunjwa naye wala kuongezewa hata upana wa kidole. Alimzidi fundi miaka tisa. Alimbeba mgongoni alipokuwa mchanga, na hakuwahi kumwacha asahau.

Fundi alimuuliza habari za ile sugu ya kidoleni.

"Ile? Imepona," Mita alisema. "Haiumi tena. Nilifuata ulivyonielekeza, nikaongeza na utundu wangu kidogo. Wewe shona kiatu, mdogo wangu, nina watu hapa."

Simu ikakatika.

Utundu wangu kidogo. Fundi aliyaweka maneno hayo mbele yake kama alivyokiweka kile kiatu, akayageuza pande zote, na kila alipoyageuza hayakumkalia vizuri.

Sugu ile ilianza miezi mitano nyuma: donge gumu la manjano juu ya kidole cha mwisho cha mguu wa kushoto, na katikati yake kiini, kama punje iliyozamishwa kwenye ngozi. Mita alichechemea wiki mbili akisema kwamba hachechemei. Fundi hakuwa na la kumwambia, mpaka siku ile muuguzi wa zahanati ya mtaa wa pili alipokuja kupigiwa kisigino cha kiatu, akakaa kwenye benchi la wateja na kuziona nyayo za fundi ndani ya kandambili, zimekakamaa na kupasuka kama tope la kiangazi. Bila kuulizwa, akaanza kumfundisha.

Fundi aliyapenda maelezo yale kwa sababu yalikwenda hatua kwa hatua, kama kazi ya ngozi. Maji yawe ya uvuguvugu, na yapimwe kwa kiwiko. Miguu ikae humo dakika kumi. Jiwe la kusugulia lilowe nayo, kisha lipitishwe taratibu juu ya ngozi ngumu tu, kidogo leo, kidogo kesho, wala si yote siku moja. Ngozi ikianza kuwa nyekundu, acha hapo hapo. Wembe na mkasi vikae mbali. Kausha vizuri, hasa katikati ya vidole, halafu paka mafuta, lakini usipake katikati ya vidole. Sugu yenye kiini haichimbwi. Izungushie kipande cha sponji chenye tundu, ili kiatu kisiisukume, na kikague kiatu chenyewe, kwa kuwa sugu haiji bila kitu cha kuisugua.

"Isipokuwa," muuguzi akasema, na fundi akapiga msumari wa tatu.

Akapiga wa nne, akapiga wa tano. Alipoinua kichwa, sentensi ilikuwa imekwisha na muuguzi alikuwa ameshasimama, anakijaribu kiatu sakafuni. Fundi hakuuliza. Kwa miguu yake mwenyewe mambo yalikwenda sawa: wiki tatu baadaye mkewe alitangaza kwamba shuka za nyumba ile zimeacha kuchanika. Lakini kabla ya hapo, jioni ile ile ya msumari, fundi alikuwa amempigia Mita na kumtajia hatua zote, kuanzia maji ya uvuguvugu hadi sponji. Ile ya mwisho hakuitaja, kwa kuwa hakuwa nayo.

Sasa ndiyo aliyokuwa akiitafuta. Alifungua kopo la gundi, akalifunga. Alitunga uzi kwenye sindano, akauweka chini, akautafuta, akaukuta mkononi mwake. Alichungulia nje kana kwamba kuna mtu alimwita. Mteja mmoja aliyekuwa akisubiri soli alimuuliza kama siafu wamemwingia kwenye suruali, maana tangu afike hajamwona akikaa. Fundi alicheka kwa adabu, akajigonga kidole gumba kwa nyundo, akamaliza soli kwa sababu alikuwa ameahidi, na saa mbili na dakika arobaini akateremsha mlango wa duka. Kiatu alikitia kwapani.

Zahanati ilikuwa imejaa. Watu walikaa wamebanana kwenye mabenchi, kadi mkononi, na mtoto mmoja alilia bila kupumzika. Muuguzi alitoka chumba cha vidonda akiwa na trei ya mikasi. Fundi alimkingia njia, akamsalimu haraka haraka, akamuuliza: "Siku ile dukani ulisema isipokuwa nani?"

Ilibidi aeleze mara mbili ndipo muuguzi akakumbuka.

"Isipokuwa mwenye kisukari," alisema. "Huyo hajitibu sugu nyumbani. Hata lile jiwe asiliguse. Kwani nani?"

Dada yake alikuwa katika mwaka wa saba wa kisukari. Ukoo mzima ulijua. Vidonge vyake vilikaa mezani hadharani, na yeye mwenyewe ndiye aliyewakataza wengine kumtilia sukari kwenye chai. Fundi alijua hilo jioni ile alipokuwa akimtajia hatua. Mambo mawili yalikaa katika kichwa kimoja, na hakuna aliyeyakutanisha.

Alimweleza muuguzi juu ya doa, na kwamba mgonjwa anasema haiumi tena.

Muuguzi aliiweka trei chini. "Hilo la kutouma ndilo linalonitisha. Sugu ikipona ngozi hulainika, haichuruziki ndani ya kiatu. Mlete leo. Si kesho." Kisha akampa kipimo kidogo cha kumfanyia huko huko, endapo atakuwa mbishi: afumbe macho, aguswe ncha za vidole kwa wepesi, kama mtu anayegusa rangi mbichi, aseme ni kidole gani. Akikosea, mguu umekufa ganzi, na mguu wenye ganzi hautoi taarifa.

Ilikuwa wiki ya sare za shule. Mbele ya kaunta ya Mita walijaa wazazi wenye orodha mkononi, na yeye alisimama juu yao, utepe wa kupimia shingoni, akikata poplini kwa mkasi mrefu bila kuiangalia. Mguu wa kulia ulivaa kiatu. Wa kushoto ulivaa soksi na kandambili. Alipomwona mdogo wake alitangazia duka zima kwamba leo amekuwa mtu mkubwa, fundi analeta kiatu mwenyewe hadi mlangoni.

Fundi alimwomba amwonyeshe mguu. Mita alimjibu kwamba hapa panauzwa kitambaa. Miguu ya kutazama atafute kwingine. Akaomba tena, kwa sauti ya chini. Safari hii Mita aliendelea kukata. Basi akafanya lile alilojua litauma kuliko ugomvi: akaegemea kaunta, akavuta jora la poplini nyeupe, akaanza kulipapasa kwa vidole vilivyoganda gundi.

"Toa mikono hiyo," Mita alisema.

Fundi akahamia jora la pili.

Mita alivumilia kama dakika moja hivi. Kisha akamwita msaidizi wake, msichana mwenye miwani aliyekuwa akikunja mabaki ya vitambaa, akampa mkasi, na kumwongoza mdogo wake stoo, akimweleza njia nzima kwamba hata alipokuwa mtoto alikuwa king'ang'anizi, na kwamba mgongo wake ungekuwa mzima leo kama mama yao angezaa watoto wepesi zaidi.

Stoo ilikuwa na dirisha moja na rafu za majora hadi darini. Mita alikaa juu ya jora la kaki, akavua soksi. Juu ya kidole cha mwisho palikuwa na plasta ndogo ya duara. Aliueleza utundu wake bila haya. Jiwe lilikuwa linamchelewesha, akatia wembe. Wembe ukafika nusu. Ndipo akanunua plasta za dawa ya kula sugu, moja kila siku mbili, na sasa ni wiki ya nne. Za mwanzo ziliwasha kidogo. Baadaye hata kuwasha kukaisha. Maji ya kulowekea alikuwa akiyachanganya na ya birika, kwa kuwa ya uvuguvugu aliyaona kama hayana nguvu.

"Uliyapima kwa kiwiko?"

"Niliyapima kwa mguu. Mguu si ndio unaoingia?"

Fundi hakuigusa plasta. Alichuchumaa, akamwambia afumbe macho. Mita alifumba, huku akiuliza huu ni mchezo wa watoto wa nani.

"Nagusa kidole gani?"

"Gumba."

Alikuwa amegusa cha tatu.

"Sasa?"

"Cha mwisho. Fanya haraka."

Hakuwa amegusa kitu. Mkono wake ulikuwa juu ya goti lake mwenyewe. Mita alifumbua macho akauona mkono pale ulipo.

"Umenichezea," alisema.

Lakini hakuwa mtu wa kukubali wala kukataa kwa kipimo kimoja. Alichukua chaki ya kuchoria nguo, akafumba macho tena, akaagiza aguswe mara kumi kwa utaratibu, naye atataja na fundi atachora rafuni: mstari mnyoofu kwa alichopata, msalaba kwa alichokosa. Zilipotimia kumi, rafu ilikuwa na mistari mitatu na misalaba saba. Alihesabu mwenyewe, mara mbili. Akaamuru wafanye na mguu wa fundi. Fundi alipata kumi kati ya kumi, akajisikia vibaya, kana kwamba ameiba mtihani.

Ndipo wakaibandua plasta. Ngozi ya pembeni ilikuwa nyeupe na tepetepe kama karatasi iliyolala majini. Kiini cha sugu hakikuwepo. Mahali pake palikuwa na shimo lenye kingo nyekundu, na ndani yake ule uji wa rangi ya chai. Fundi aliuegesha mguu juu ya soli ya kiatu alichokuja nacho. Kidole cha mwisho kilibaki chote nje ya soli. Miaka sita iliyopita aliuchora mguu huo kwenye karatasi, na tangu hapo ameshona jozi tatu kwa karatasi ile ile, kwa sababu Mita alikula kiapo kwamba mguu wake haubadiliki.

Mita alitazama shimo, akatazama mlango. Alisema basi lifungwe kwa kitambaa safi, ataenda wiki ijayo sare zikipungua. Sauti yake ilikuwa ile ile ya kaunta, ila mikono ilikuwa ikikunja soksi, ikiikunjua, ikiikunja. Mwishowe likatoka: wifi yake, dada wa marehemu mumewe, aliingia hospitali kwa ajili ya kidole akatoka na mguu mmoja.

"Wakiona, watakata," alisema.

Fundi alitaka kumwambia hawatakata. Hakuwa na ushahidi wa hilo. Alichokuwa nacho alikitoa. Wifi alificha miezi minne. Yeye ana wiki nne. Shimo hili, leo, ni dogo kuliko kichwa cha msumari wa soli. Wiki ijayo hajui litakuwaje, na yeye mwenye mguu hataweza kumwambia, kwa kuwa mguu wenyewe haumwambii. Kisha akamweleza kuhusu muuguzi, na neno alilolipigia msumari.

"Miezi yote hiyo umekaa na 'isipokuwa' bila mwenziwe," Mita alisema, "ukaniuzia robo tatu ya kitambaa."

"Ndiyo, dada."

"Mimi nikimfanyia mteja hivyo, harudi kwangu tena."

Alisimama. Fundi alidhani anarudi kaunta, na kweli alirudi, akichechemea kwa kisigino. Alivua utepe shingoni akamvika msichana wa miwani. Alimwambia poplini nyeupe isikatwe bila kunyooshwa kwanza, kisha akamuuliza fundi kama teksi imeshaitwa au anamsubiri yeye akaiite kwa mguu huu.

Zahanati walifika saa nne na nusu. Sukari ilisoma kumi na saba, juu mno. Muuguzi alimgusa nyayo kwa uzi mgumu wa nailoni, mahali kumi, akafika kwenye jibu lile lile la rafu ya stoo. Kisha wakaambiwa wamsubiri daktari. Fundi alisimama, akakaa, akaenda kusoma tangazo la chanjo, akarudi, akaenda kulisoma tena. Mita alimwambia akae, anamtia kizunguzungu. Alikaa kwa muda wa kuvuta pumzi tatu.

Daktari alikuwa mtu wa maneno machache. Alisafisha shimo, akakata ngozi iliyokufa, na Mita akatazama mkasi ukifanya kazi kwenye nyama yake kama anayetazama mtu akikata nguo ya jirani. Hapo tu ndipo uso wake ulipobadilika. Daktari alieleza hatua inayofuata. Angeingiza kijiti chembamba cha chuma ndani ya kidonda. Kikigota kwenye mfupa, safari ni ya hospitali kubwa, na huko kidole kinaweza kuondoka. Kisipogota, watapambana hapa hapa.

Fundi alikuwa ametoboa ngozi juu ya mbao maisha yake yote, na alijua hali ya sindano inapogonga kitu kigumu chini: mkono hujua kabla ya sikio. Akautazama mkono wa daktari. Kijiti kiliingia, kikazungushwa pande nne, kikatoka.

"Hakijagota," daktari alisema.

Mita aliuliza kama basi kidole kimepona. Daktari alisema kidole kipo. Zaidi ya hapo hatoi ahadi, anatoa vipimo. Muuguzi aliweka rula ya karatasi na kusoma kwa sauti: urefu milimita tisa, upana saba, kina tatu. Wakapewa vidonge vya siku kumi na nne, na masharti: asikanyagie upande ule, asivae kiatu cha kufunika, asiweke plasta ya dawa, na kidonda kifunguliwe zahanati kila baada ya siku mbili. Sugu zozote zitakazoota tangu sasa ni kazi ya muuguzi.

Alasiri hiyo fundi aliitupa karatasi ya miaka sita na kuichora miguu yote miwili upya, Mita akiwa amekaa na tena akiwa amesimama, maana mguu hupanuka ukibeba mtu. Akashona ndala pana isiyo na ukuta upande wa kidole cha mwisho. Mita aliijaribu na kusema inafanana na mtumbwi, lakini aliivaa.

Siku ya pili kidonda kilisomwa tisa kwa saba kwa tatu. Siku ya nne, tisa kwa saba kwa tatu. Fundi alivunja sindano mbili siku hiyo na kumrudishia mteja viatu viwili vya kushoto. Mita, aliyekaa nyumbani mguu juu ya kiti, alimpigia simu kila saa kumuuliza kama msichana wa miwani ananyoosha poplini kabla ya kuikata, naye fundi alikwenda dukani kuchungulia, akarudi kutoa ripoti, kisha akaenda tena bila kutumwa. Siku ya sita upana ulisomwa sita na nusu. Muuguzi alisema nusu milimita inaweza kuwa mkono wake tu. Siku ya nane walikuta zahanati imefurika. Mfanyakazi mwingine alibadilisha bandeji, na rula haikuonekana.

Siku ya kumi, saa tatu na dakika tano asubuhi, muuguzi alifungua bandeji, akasafisha, akaweka rula. Alisoma: urefu saba, upana tano, kina moja na nusu. Akaiondoa, akaiweka tena, akasoma namba zile zile. Akaziandika kwenye kadi.